Maji Yamemwagika kwa Jirani: Nani Alipe?



Tunaomba mtuvumilie leo, kwa sababu mas-ala tutakayoyaeleza yanatugusa sisi wenyewe tunaoandika. Tumezoea katika kurasa hizi kujibu maswali ya watu. Safari hii swali lilikuja na jibu letu la zamani ndani yake, na jibu lile lilikuwa na kasoro.

Usiku mmoja wa Januari 2023 tulikuwa tumetoka kuswalisha Ishaa hapa Buyenzi, Bujumbura, simu ikalia. Alikuwa kijana wetu mmoja, Mkongomani wa Uvira, aliyesoma kwetu juzuu za mwanzo na vitabu vidogo vya fiqhi wakati familia yake ilipokimbilia upande huu wa ziwa. Baadaye walikwenda kambini Uganda, na kutoka huko wakachukuliwa na mpango wa Uingereza wa kupokea wakimbizi uliokuwa ukiitwa Gateway, ulioanza mwaka 2004 na kumalizika 2020. Walipelekwa mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza, yeye, mkewe, watoto na mama yake mzazi. Wakapewa nyumba ya kaunsili, yaani nyumba ya halmashauri ya mji ambayo kodi yake ni nafuu kuliko ya soko. Wanakaa ghorofa ya kwanza. Chini yao anakaa bibi mmoja Mwingereza, mjane, peke yake.

Kilichotokea ni hiki. Mama yake kijana ana ada ambayo sisi wa Buyenzi na wenzetu wa Uvira tunaijua vizuri. Maji yakitoka, kinga. Mtu aliyeishi miaka mingi na mfereji unaokauka wiki nzima haamini mfereji hata ukimpa maji kila siku kwa miaka kumi. Kila usiku huziba sinki la bafuni na kulijaza, apate maji ya wudhuu akiamka kwa tahajjudi. Usiku ule alifungua maji, akasikia mjukuu analia, akaenda kumbembeleza, akalala naye papo hapo. Maji yalijaa, yakamwagika, yakapita sakafuni. Saa kumi alfajiri yule bibi wa chini alisikia kishindo. Kipande cha dari kilikuwa kimeangukia zulia lake, na televisheni yake imelowa.

Hakuna aliyeumia, Alhamdulillaah. Lakini baada ya wiki mbili barua ilikuja. Kaunsili inadai pauni 680: sakafu ya bafu iliyovimba, dari ya chini, na fundi wa umeme aliyeitwa usiku kuzima na kukagua nyaya. Kwa mshahara wa kijana wetu, anayefanya usafi katika ghala, hiyo si pesa ya kutoa mfukoni mara moja.

Alikuwa na maswali matatu. La kwanza, je, deni hili ni la haki, na hali haikuwa makusudi? La pili, rafiki yake amemshauri aseme bomba lilipasuka lenyewe, au aseme aliingia mwizi, kwa sababu ukileta namba ya ripoti ya polisi wenye nyumba wengi huko hawakutozi uharibifu wa wahalifu. Je, aseme? La tatu alilisema kwa sauti ya chini, kama mtoto anayemwambia mzazi kwamba kibanda kinavuja. "Maalim, ile bima uliyoniambia nisiichukue, ndiyo ingelipa haya."

Hatukumjibu usiku ule. Tulimwambia tupe siku chache. Na hapo tulikuwa tumeshajifunza kitu, kwa sababu mwaka 2011 alipotupigia kutuuliza habari ya bima hiyo, tulimjibu kabla hajamaliza kusema.

Tuanze na swali la kwanza. Wanafunzi wetu wanaosoma mlango wa ijara wanajua kwamba mkono wa mpangaji ni mkono wa amana. Imamu Nawawi katika Minhaji ameliweka hilo wazi, na ndiyo fiqhi ya Kishafi'i tunayoifundisha huku. Maana yake, mtu aliyekodi nyumba, mnyama au chombo, kikiharibika mikononi mwake bila yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, halipi. Upepo ukiezua bati, bati ni la mwenye nyumba. Mlango ukioza kwa mvua za miaka, mlango ni wa mwenye nyumba. Na wakigombana juu ya uzembe, anayedai kwamba mpangaji amezembea ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi.

Kila mwaka darasa linashangaa tunapofika mlango wa kuazima. Kwa Mashafi'i, aliyeazima kitu bure, kikipotea au kuharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, analipa hata kama hakuzembea. Vijana huuliza: vipi anayelipa kodi abebe mzigo mdogo, na asiyelipa kitu abebe mkubwa? Tunawaambia, mpangaji ameshika kitu kwa manufaa yake na ya mwenyewe, kodi inaingia. Aliyeazima ameshika kwa manufaa yake peke yake. Nyumba ya kaunsili bei yake ni nafuu, lakini ni kodi, si azima. Basi kijana wetu ni mpangaji, na mkono wake ni wa amana.

Mtu angeweza kusimama hapo na kusema, Alhamdulillaah, hakuna deni. Tumewasikia walimu wanaosimama hapo. Lakini kuna mlango wa pili, nao ni kuharibu kwa kitendo. Kitu kuharibika chenyewe mkononi mwako ni jambo moja, na wewe kukiharibu ni jambo jingine. Kukosa nia kunaondoa dhambi, hakuondoi fidia. Wanazuoni wanatoa mfano wa mtu aliyelala akajigeuza usingizini akavunja chombo cha mwenzake: hana dhambi hata chembe, na chombo analipa.

Na katika Bukhari mna habari iliyosimuliwa na Anas (R.A.) ambayo wake zetu wanaipenda kuliko sisi. Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, mke mwingine akamletea chakula ndani ya bakuli. Mwenye nyumba ile akashikwa na wivu, akaupiga mkono wa mtumishi, bakuli likaanguka likavunjika. Mtume (S.A.W.) aliokota vipande, akakusanya chakula, akawaambia waliokuwepo kwamba mama yenu ameona wivu. Hakukemea. Kisha hakumwacha mtumishi arudi na vipande. Bakuli zima lilitoka nyumba ya aliyevunja likaenda kwa aliyevunjiwa. Tumeifundisha habari hii miaka mingi kama somo la upole wa mume. Mwaka ule tuliisoma tena kwa ajili ya sinki lililofurika.

Mama wa kijana wetu alifungua maji, akaziba sinki, akaondoka. Huo ni uzembe mdogo, wa huruma, wa mtu mzima aliyemkimbilia mtoto, lakini si sawa na upepo ulioezua bati. Fidia ipo.

Tulitaka pia kujua sheria ya wenyewe inasemaje, kwani Muislamu anayeishi kwa mkataba hawezi kujibiwa kwa kitabu kimoja tu. Kijana alitutumia karatasi zake, na mwanafunzi wetu mwingine aliyesoma sheria akatusaidia kuzielewa. Nchini Uingereza ipo sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, na kifungu chake cha 11 kinamlazimisha mwenye nyumba kutengeneza kuta, paa, mabomba, vyoo, umeme, gesi na mitambo ya joto. Hawezi kumtupia mpangaji mzigo huo kwa kuandika vingine katika mkataba. Lakini kifungu hicho hicho kinamtoa mwenye nyumba katika yale yanayotokana na mpangaji kutoitumia nyumba kama mpangaji anavyopaswa kuitumia. Nini maana yake? Hakimu mmoja mashuhuri, Denning, aliieleza mwaka 1953 katika kesi ya Warren na Keen. Mpangaji afanye vijikazi vidogo vya nyumba, azibue sinki likiziba kwa taka zake, asiharibu nyumba kwa makusudi wala kwa uzembe, na ahakikishe watu wa nyumbani kwake na wageni wake hawaiharibu, na wakiiharibu atengeneze. Ama nyumba ikichakaa kwa umri au kwa sababu isiyotoka kwake, si juu yake.

Tulipotafsiriwa maneno hayo tulitazamana na walimu wenzetu. Ukiyaandika kwa Kiarabu pembeni ya Minhaji, mwanafunzi wa mwaka wa pili atadhani ni sherehe yake.

Tofauti zipo, na moja si ndogo. Kwa sheria yao, mpangaji hubeba kosa la watu wake na wageni wake. Kwa fiqhi yetu, asili ni kwamba fidia iko juu ya aliyetenda, katika mali yake mwenyewe. Tutarudi hapo, kwa sababu yule mama alikuja kulishika jambo hili kuliko sisi. Tofauti ya pili iko katika mkataba. Mikataba mingi ya nyumba za aina hii huongeza sharti kwamba mpangaji atatozwa uharibifu uliofanywa na watu wa nyumba yake hata ukiwa wa bahati mbaya. Je, sharti kama hilo linafaa? Wanazuoni wengi wanasema mwenye mkono wa amana hashurutishiwi dhamana ya kitu kilichoharibika bila kosa lake. Wapo waliolegeza, wakishika kwamba Waislamu wako juu ya masharti yao. Na sisi huwakumbusha wanafunzi jambo jingine: mafundi wanaopokea vitu vya watu, washonaji, wapiga rangi ya nguo, asili yao ni waaminifu vilevile. Hata hivyo imepokewa kwamba Ali (R.A.) aliwatoza dhamana, kwa kuona kwamba mambo ya watu hayatatengenea bila hilo. Aliwatazama watu wote wa mji, si fundi mmoja.

Sharti hilo linaeleweka zaidi ukiuliza pesa ni za nani. Wengi wetu tunadhani nyumba ya kaunsili ni ya serikali, na serikali ina mfuko usiokauka. Sivyo. Tangu sheria ya mwaka 1989, halmashauri za Uingereza zenye nyumba huweka hesabu ya nyumba hizo mbali na hesabu nyingine za mji, na kodi za wapangaji ndizo zinazobeba gharama za matengenezo. Yaani dari ya bibi wa chini, asipoilipa aliyeiangusha, italipwa na wapangaji wengine: mama mwenye watoto wanne, mzee wa pensheni, mkimbizi aliyefika mwaka jana. Waliowahi kukaa katika kamati ya msikiti wenye nyumba za wakfu wanaijua hali hii. Msimamizi wa wakfu anaweza kumsamehe mpangaji deni la mfukoni mwake, lakini fidia ya nyumba ya wakfu hawezi kuisamehe kwa kuona haya, kwa sababu si yake.

Hapo swali la pili lilijijibu. Kusema bomba lilipasuka lenyewe ni uongo, na ni uongo unaotuma bili kwenye nyumba za maskini wenzako. Kumsingizia mwizi asiyekuwepo mbele ya polisi ni kubwa zaidi, na huko ni jinai. Tulimwambia aandike yaliyotokea kama yalivyotokea. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema alikuwa ameshaandika ya kweli kabla ya kutupigia. Alitaka tu kusikia kwamba hakuwa mjinga.

Lakini, ndugu wasomaji, kusema kweli si kukubali kila mstari wa bili. Hili tunalisema kwa sauti kwa jamaa zetu walioko nchi hizo, ambao kwa hofu ya wageni hulipa kila karatasi yenye nembo. Wenye nyumba nao hukosea, na wakati mwingine humlaumu mpangaji kwa ubovu wa jengo. Wengi mmesikia habari ya Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili, wa familia ya Kiislamu kutoka Sudan, aliyefariki Desemba 2020 katika mji wa Rochdale kwa maradhi ya kifua yaliyoletwa na ukungu wa kuta za nyumba ya kodi nafuu. Baba yake alikuwa ameulalamikia ukungu ule tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Ilidhaniwa kwamba unyevu unatokana na namna familia ile inavyoishi na kuoga. Baada ya uchunguzi wa kifo kumalizika Novemba 2022, wenye nyumba wenyewe walikiri kwamba dhana hizo zilikuwa kosa. Bunge likapitisha sheria mwaka 2023, na kanuni zinazoitwa kwa jina la mtoto huyo zilianza kufanya kazi Oktoba 27, 2025: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu na ukungu wenye hatari kubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Allaah awape subira wazazi wake.

Kwa hiyo tulimshauri kijana aombe bili iliyochambuliwa, mstari kwa mstari, pamoja na picha. Aulize pia umri wa sakafu, kwani si haki mtu kulipia mpya kwa kitu kilichobakiza mwaka mmoja. Akiona hasikilizwi, alalamike kwa maandishi kwa wenye nyumba, ngazi ya kwanza na ya pili, kisha aende kwa msuluhishi wa migogoro ya nyumba wa nchi hiyo, ambaye hatozi ada. Haikufika huko. Ilipochambuliwa, ilionekana kwamba dari ya chini ilikuwa na alama za unyevu za zamani, na yule bibi aliwahi kuziripoti mara mbili. Kaunsili iliondoa sehemu kubwa ya gharama ya dari. Zilibaki pauni 310, wakakubaliana alipe 10 kila wiki.

Sasa yule bibi. Zulia lake na televisheni yake havikuwa katika bili ya kaunsili. Kaunsili huweka bima ya jengo, si ya vitu vya mpangaji. Kila mtu na vitu vyake. Bibi hakuwa na bima. Kwa sheria ya huko, jirani wa juu halipi kwa sababu tu maji yametoka kwake. Anayedai lazima athibitishe uzembe, na mjane wa miaka sabini na kitu hatakwenda mahakamani kwa ajili ya zulia. Rafiki yule yule wa mwanzo akashauri tena: nyamaza, hakuna atakayekuuliza.

Hili halikutuchukua siku nyingi. Kulifanana na bakuli kuliko yote yaliyotangulia.

Na hapa ndipo mama wa kijana alipoingia. Kijana alikuwa amekusudia kulipa yeye, kimya kimya, mama asijue. Mama akajua, kwani nyumba yenye vyumba viwili haina siri. Akachukua simu akatupigia mwenyewe. "Maalim," alisema, "nani aliacha maji?" Tukamwambia, ni wewe, mama. "Na katika kitabu nani analipa?" Tukababaika. Tukamwambia kwamba asili iko juu ya mtendaji, lakini mwana akijitolea kumlipia mzazi wake ni wema mkubwa. Akatukata. Alikuwa na bangili moja ya dhahabu aliyotoka nayo Uvira, iliyovuka ziwa na kambi. Hakutaka kusikia habari ya wema wa mwanawe. Alisema ameishi kwa msaada wa watu miaka mingi: chakula cha msaada, hema la msaada, nyumba ya kodi nafuu. Hili moja amelivunja kwa mkono wake, na atalitengeneza kwa mkono wake.

Kijana akapiga baadaye, analalamika, anataka tumzuie. Hatukumzuia. Tuliwaambia wagawane: mama anunue zulia, mwana alipe kaunsili na atafute televisheni. Sijambo la kitabu hilo, ni suluhu tu. Bangili iliuzwa. Bibi wa chini, tulivyoelezwa, mwanzo alikataa zulia, akasema dari ilikuwa mbovu siku zote. Mama hajui Kiingereza kingi. Alikaa juu ya ngazi karibu na lile zulia lililoviringishwa, hakuondoka, mpaka mlango ulipofunguliwa tena.

Limebaki swali la tatu, nalo ni letu.

Kaunsili ya mji ule, kama nyingi za Uingereza, ina mpango wa bima kwa wapangaji, unaolipwa kidogo kidogo kila wiki pamoja na kodi. Hulipa vitu vya mpangaji, na kwa kawaida hulipa pia hasara aliyomsababishia jirani. Mwaka 2011 kijana alituuliza. Tulikuwa na miaka thelathini na kidogo, tumerudi masomoni karibuni, wepesi wa kujibu. Tulisema, bima ni haramu, mtegemee Allaah. Akaichana fomu.

Jibu lile lilikuwa na msingi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Jeddah Desemba 1985 lilisema kwamba bima ya biashara ina kubahatisha kunakoharibu mkataba. Lakini baraza hilo hilo, katika azimio hilo hilo, lilionyesha njia ya bima ya kusaidiana, na sisi nusu hiyo hatukuisema. Wala hatukumwambia kwamba Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, lililoundwa London mwaka 1997, limewafungulia mlango Waislamu wanaoishi huko pale sheria inapolazimisha au haja inapobana na hakuna bima ya Kiislamu. Ufaransa, kwa mfano, sheria ya Julai 6, 1989 inamlazimisha mpangaji awe na bima ya nyumba, hata katika nyumba za kodi nafuu, na tena inamtwisha yeye kuthibitisha kwamba uharibifu haukutokana na kosa lake. Tuna vijana wetu huko pia. Hao tuliwaambia wachukue, kwa kuwa wamelazimishwa. Huyu wa Uingereza, ambaye hakulazimishwa lakini alikuwa na haja ile ile, tulimfungia. Na baya zaidi, hatukumwambia aweke akiba badala yake. Tulimwondolea mwavuli tukamwambia mtegemee Allaah, na Mtume wetu (S.A.W.) alimwambia yule bedui amfunge ngamia kwanza.

Imamu Nawawi katika utangulizi wa Majmu'u anataja suala la mtu aliyefanya uharibifu kwa kufuata fatwa, kisha ikabainika ni makosa. Ananukuu kutoka kwa Abu Is-haqa kwamba mufti akiwa ni mwenye sifa, analipa. Akiwa si mwenye sifa, halipi, kwa sababu muulizaji ndiye aliyezembea kumuuliza mtu asiyefaa. Suala letu si hilo hasa, kwani fatwa yetu haikufungua mfereji. Lakini mlango wa kutokea ulikuwepo kwetu, wa kusema kwamba sisi ni walimu wadogo tu, si mamufti. Kijana alisoma kwetu kitabu kile kile, na angetuelewa vizuri sana.

Kila Ramadhani yeye na wenzake wa mji ule hukusanya pesa na kututumia, nusu ya futari ya wanafunzi, nusu ya kutengenezea madrasa. Mwaka ule tulikusudia kubadilisha mabati ya upande wa wasichana, yanayovuja. Tulikaa na walimu wenzetu watatu tukawaeleza habari yote. Mmoja alisema kosa ni la aliyejibu, wanafunzi wana dhambi gani? Alikuwa na haki. Tukakubaliana kwamba futari ipokelewe, na fungu la kijana la mabati abaki nalo, na sisi tuliojibu tutafute mabati kwa jasho letu. Tulifundisha jioni katika nyumba za watu kuanzia mfunguo mosi mpaka mwisho wa mwaka. Mabati yaliezekwa mwaka 2024. Mvua za masika za mwaka ule, zilizoifanya Tanganyika ifurike mpaka barabara za Bujumbura, zilitukuta tumeshaezeka upande mmoja tu.

Fomu ya bima tulimwambia achukue akipenda, maadamu hana njia nyingine huko, na asiyetaka basi aweke pauni mbili kila wiki kwenye sanduku na asizile. Tukamuuliza, lile jibu letu la 2011 ulimwambia nani mwingine? Akahesabu: familia saba. Tukamwomba namba zao. Tumewapigia wote mmoja mmoja, kuwaambia kwamba tulisema nusu. Sita walishukuru. Wa saba, mzee mmoja wa Bukavu, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na hii ya leo, Maalim, itadumu miaka mingapi?"